Wajapani na Kazi ya Mikono

Ndugu msomaji, simama kando ya barabara ya Bwera siku ya soko, ukazitazame motokaa zinazokwenda mpakani Mpondwe. Nyingi ni Toyota zilizotumika kwanza huko Japani, na pengine ubavuni mwa gari utaona maandishi ya Kijapani ambayo hakuna aliyejisumbua kuyafuta. Huenda ni jina la duka la samaki, huenda la shule ya watoto. Sisi twapanda tu.

Wenzangu shuleni hulitazama gari kama hilo wakasema, "Wajapani wana akili ya mashine." Mimi nasema asili ya gari hilo ni nguo. Toyoda Sakichi alizaliwa mwaka 1867, mwana wa seremala wa kijijini. Aliwaona wanawake wa kwao wakifuma pamba kwa taabu, akatengeneza mtambo wa mbao wa kufumia ulio mwepesi, na mwaka 1891 serikali ikampa hati ya kuulinda uvumbuzi wake. Mwaka 1924 alimaliza mtambo mwingine uliojisimamisha wenyewe uzi ukikatika. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ikanunua haki ya kuutengeneza. Waingereza, mabwana wa viwanda vya nguo, wakanunua ujuzi kwa mwana wa seremala! Mwanawe, Kiichiro, alianza kazi ya motokaa mwaka 1933 ndani ya kiwanda hicho hicho cha mitambo ya kufuma.

Nasi tumo katika habari hii. Meli za Osaka Shosen Kaisha zilianza safari za Afrika ya Mashariki mwaka 1926. Pamba ya Uganda ikaenda Japani, na nguo ya Kijapani ikaja Mombasa kwa bei rahisi. Baadaye hata kanga nyingi za pwani, pamoja na methali zake za Kiswahili, zilipigwa chapa huko. Hata leo pamba hulimwa Kasese, na Chama cha Ushirika cha Nyakatonzi kina kiwanda cha kuichambua. Kuifuma twawaachia wengine.

Sasa niseme linaloniudhi. Sokoni wako akina mama wauzao vikapu na mikeka waliyoisuka wenyewe. Twanunua, twabebea viazi, basi. Lakini mwanafunzi akisema darasani kwamba mama yake husuka vikapu, huchekwa.

Wajapani nao walikaribia njia hiyo. Baada ya mwaka 1868 walikimbilia mambo ya Ulaya kwa pupa. Ndipo Yanagi Soetsu alipoanza kukusanya vyombo vya watu wa kawaida, mabakuli, vikapu na nguo za wakulima, na mwaka 1936 akafungua nyumba ya makumbusho Tokyo ili vitazamwe kwa heshima. Tangu mwaka 1955 serikali yao huwateua kwa majina mafundi hodari, wafumaji, wafinyanzi na wengineo, na kuwapa fedha kila mwaka ili ufundi wao usife nao.

Najua nitajibiwa kwamba vikapu havitatuletea kiwanda cha motokaa. Sisemi kila msuka vikapu atazaa kiwanda. Nasema mtu hawezi kuuendeleza ufundi anaouonea haya. Toyoda aliujua mtambo wa kijijini kwao kabla hajaubadili.

Siku ya wazazi sisi hutoa zawadi za hesabu, Kiingereza na mpira. Naomba iwekwe meza moja zaidi: akina mama wa vikapu waalikwe, waketi, watuonyeshe kazi yao, na majina yao yachapwe katika gazeti hili. Na ninyi ndugu zetu mliomaliza hapa, mlio na gereji mjini Kasese, njoni na vile vyuma vya Toyota mnavyovichonga wenyewe visipopatikana dukani. Mimi nimekwisha kuona kimoja, na gari lake lingali lapanda Kilembe kila siku na abiria.