Majalada ya Machimbo na Somo la Historia

Katika maandalio mengi ya somo, habari za madini huja kwa sura ileile: jina la madini, mahali yanapochimbwa, mwaka yalipogunduliwa na jina la mgunduzi. Wanafunzi hukariri kwamba almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada. Mwalimu huweka alama ya vema, na somo huisha. Kwa maoni yetu, hapo ndipo somo lilipopaswa kuanza.

Nchi yetu ina akiba kubwa ya kumbukumbu za machimbo. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zimehifadhi majalada ya utawala wa Wajerumani na wa Waingereza. Huko Dodoma, ambako idara ya jiolojia iliwekwa katika miaka ya 1920, zimo ramani za miamba na ripoti za wapimaji. Walioandika karatasi hizo hawakuwa na haja ya kumfundisha mtoto. Waliandika ili serikali ijue mali iko wapi, nani apewe leseni na kodi gani itozwe. Kwa hiyo kila waraka una mambo mawili ya kusomwa: yale unayoyasema, na yale usiyoyasema.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 1916, katikati ya vita, Wajerumani walikuwa wamezingirwa baharini na Waingereza, na fedha ziliwapungukia. Wakapiga sarafu za dhahabu za rupia 15 huko Tabora, wakitumia dhahabu ya mgodi wa Sekenke, ulioko Iramba. Sarafu hiyo ina picha ya tembo, tai wa dola ya Ujerumani, mwaka, na jina la koloni. Mwalimu aichore ubaoni, kisha awaulize wanafunzi: Dhahabu hii ilitoka wapi? Nani aliichimba? Mbona hakuna alama yoyote ya mchimbaji? Mtoto wa darasa la tano akijiuliza swali hilo la mwisho, ameanza kazi ya mwanahistoria.

Baadhi ya wenzetu watasema kwamba kazi hii ni ya chuo kikuu, na kwamba shule ya kijijini haiwezi kufika Dar es Salaam wala Dodoma. Hoja hiyo ina uzito, lakini haituzuii. Hatuhitaji jalada zima. Nakala ya ukurasa mmoja, kipande cha ramani kilichonakiliwa kwa mkono, au sarafu iliyochorwa kwa chaki vyatosha kwa kipindi kizima, mradi mwalimu ameandaa maswali matatu: Nani aliandika? Alimwandikia nani? Nani hakuulizwa?

Swali la tatu haliwezi kujibiwa na jalada. Litajibiwa na wazee, na hapa ndipo tunapowasihi walimu wanafunzi wafanye haraka. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 siku hiyo, leo amekwisha kuvuka miaka 75. Karatasi iliyowekwa mahali pakavu yaweza kungoja, mzee hangoji. Katika maeneo ya machimbo, mwalimu amwalike mzee shuleni, wanafunzi wamwulize juu ya ujira, chakula, safari na ajali, kisha waandike majibu yake kwa lugha yao na kuyatunza katika maktaba ya shule. Wasipelekwe kwenye mashimo yaliyoachwa. Mashimo hayo ni hatari, na somo halihitaji kufika huko.

Ushuhuda wa mzee nao upimwe, kwa kuwa binadamu husahau na huweza kukuza mambo. Waraka na mzee wakitofautiana, mwalimu asikimbilie kumtangaza mshindi. Awaache wanafunzi watafute sababu ya tofauti hiyo.

Shule inayotunza daftari la namna hiyo itakuwa imeongeza katika kumbukumbu za taifa sauti ambayo majalada ya zamani hayakuiandika. Tunawaomba wale wanaokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha muhula ujao waanze na daftari moja.