Maji ya Nzoia yakiitwa kutoa ushahidi

DNA tumeizoea kortini. Mama anadai matunzo, baba anaruka na kusema mtoto si wake, hakimu anaamuru wapimwe, na mambo yanajulikana. Juma hili naomba tuiache korti, tushuke hadi Mto Nzoia.

Ukipanda matatu Kitale kwenda Bungoma utapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye. Vijito vingi unavyovuka humwaga maji Nzoia, nao Nzoia humwaga yake Ziwa Victoria. Marehemu nyanya, aliyeolewa upande wa chini wa Webuye, alitusimulia jinsi ningu walivyopanda mto kwa makundi mvua ya masika ilipoanza, wakienda kutaga mayai. Alishikilia kuwa ningu hawakuweza kuruka maporomoko ya Nabuyole. Mjomba wa Kitale naye aliapa kuwa amewala kwao. Ugomvi huo haukuisha hadi tukamzika nyanya.

Siku hizi ukimwuliza mtoto wa shule ningu ni nini, atakukodolea macho. Yeye anajua tilapia wa kidimbwini na mbuta wa kukaangwa.

Na hivyo vidimbwi ndivyo vinavyonitia wasiwasi. Mwaka wa 2009 serikali ilianza mradi wa kuchimba vidimbwi 200 katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140. Watu walipata kitoweo na pesa, sikatai. Lakini kidimbwi hufurika, na tilapia mgeni akishaingia mtoni hunyang'anya wenyeji chakula na hata kuzaana na jamaa zao. Ziwani tulikwisha kuyaona. Mbuta na tilapia wa Nile walitiwa humo miaka ya 1950. Ngege wa asili, ambaye nyavu nazo zilimwandama, akakaribia kutoweka. Leo hutafutwa katika viziwa kama Kanyaboli huko Siaya.

Basi tutajuaje nani anaishi mtoni sasa? Wavu huwakosa samaki wadogo na wachache, na huwaua unaowanasa. Njia mpya haimgusi samaki hata mmoja. Kila samaki huacha majini ute, magamba na kinyesi, na ndani yake mna DNA yake. Mtafiti huchota lita moja au mbili, huyachuja kwa karatasi yenye matundu madogo mno, kisha huihifadhi kwenye baridi au spiriti. Maabarani DNA hutolewa, huzidishwa mara nyingi, na kulinganishwa na kumbukumbu za samaki wanaojulikana.

Wafaransa walitumia njia hii kusaka vyura wa kigeni katika madimbwi, matokeo yakachapishwa mwaka wa 2008. Wamarekani wakafuata, wakiwatafuta kapu wa Asia katika mifereji ya Chicago. Karibu na kwetu, majaribio ya Ziwa Tanganyika yalichapishwa mwaka wa 2020.

Lakini si uganga. Kama samaki wetu mdogo wa mtoni hayumo katika kumbukumbu, DNA yake itaonekana na jina halitajulikana. Aghalabu kipimo husoma DNA inayotoka kwa mama pekee, kwa hiyo chotara mwenye baba mgeni ataandikwa mwenyeji. Haisemi samaki ni wangapi, wala kama yu hai. Tena mama muuzaji akiosha mbuta wake sokoni na kumwaga maji mferejini, mtafiti anaweza kumpata mbuta katika kijito ambacho hajawahi kukanyaga. (Samaki hakanyagi, najua.)

Maji pia huteremka na DNA. Kwa hiyo chupa iliyochotwa chini ya Nabuyole haiwezi kuamua ugomvi wa nyanya na mjomba, kwa sababu inabeba ya juu na ya chini. Inayohitajika ni ya juu ya maporomoko, ichotwe masika yanapoanza. Ningu akionekana humo, mjomba atakuwa na la kusema. Asipoonekana, mjomba atadai kwamba walikuwapo zamani, na hapo maabara haina jibu.