Tunamjua Mungu, au Tunajua Habari Zake?



Wapendwa taifa la Mungu, Dominika iliyopita niliwauliza maswali ya katekisimu watoto wa Komunyo ya Kwanza katika kigango chetu kimoja. Walijibu yote pasipo kusita: Mungu ni nani, nafsi za Mungu ni ngapi, alituumba kwa ajili gani. Nilifurahi, na katekista wao alifurahi kunizidi.

Baada ya Misa akanijia mama mmoja mjane, mtu mzima sana. Nilimsalimu, "Mwangaluka mayu," akaitikia, kisha akakaa kimya kwa muda mrefu kwenye benchi la nje ya sakristia. Mwishowe akasema, "Baba Paroko, naomba uniadhimishie Misa ya wafu ningali hai. Ng'ombe watatu wa jirani wamekufa, naye amekwenda kupiga ramli." Hakuendelea, wala hakuwa na haja ya kuendelea. Sisi tunaoishi Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega tunajua maneno kama hayo huishia wapi. Mkoa wetu wa Simiyu ulipomegwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, msiba huu wa vikongwe kuuawa kwa sababu ya macho mekundu tuliupokea pamoja na wilaya zetu.

(Haya si ya kitubio. Mama mwenyewe ameniruhusu niyaseme.)

Jirani huyo ni Mkristo. Amebatizwa, amepata Kipaimara, na Kanuni ya Imani anaisali kwa sauti kuliko wengi wetu. Ukimpa maswali niliyowapa wale watoto, atayajibu. Ndiyo maana nauliza: je, anamjua Mungu?

Katika Maandiko Matakatifu, kujua si kuwa na habari. Kitabu cha Mwanzo kinapotuambia kwamba Adamu alimjua mkewe, hakisemi kwamba alipata taarifa zake. Lakini mahali panaponisumbua zaidi ni sura ya 22 ya Nabii Yeremia. Mfalme Yehoyakimu anajijengea jumba la mierezi, madirisha mapana, rangi nyekundu, na mafundi hawalipi ujira wao. Nabii anamkumbusha habari za baba yake, Mfalme Yosia. Yosia naye alikula na kunywa kama watu, ila alitetea haki ya maskini na mhitaji. Kisha Mungu anauliza, kwa kinywa cha nabii, kama huko siko kumjua Yeye. Tazameni vizuri: hasemi kwamba kumtetea maskini ni tunda la kumjua Mungu, wala dalili yake. Anasema ndiko kumjua kwenyewe. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi, na kila mara natamani ingekuwa nyepesi kidogo.

Sasa tuyatazame macho ya mama yule. Miti mingi ya Usukumani ilifyekwa, mingine tangu enzi za mkoloni katika vita dhidi ya mbung'o, na kuni zimekuwa adimu. Mama zetu hupikia vijiti vya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Fanya hivyo kwa miaka hamsini, uone macho yako yatakuwa ya rangi gani. Wekundu ule ni wa ugali tuliokula sisi.

Serikali haikunyamaza. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta vibali vya waganga wa jadi, wakati ndugu zetu wenye ualbino walipokuwa wakiuawa, na mwaka 2015 wapiga ramli walipigwa marufuku tena. Lakini askari hawezi kuikamata hofu. Wengine husema elimu itatuponya. Sikubali moja kwa moja, kwa maana wamo wasomi waendao kwa mganga usiku, wakiacha gari mbali.

Baba Mtakatifu Benedikto wa 16, alipokuwa Luanda, Angola, tarehe 21 Machi 2009, alilisema jambo hili waziwazi: watu wanaishi katika woga wa pepo na nguvu za giza, hata kufikia kuwahukumu watoto wa mitaani na wazee kuwa ni wachawi. Aliwataka Wakristo wawapelekee watu hao Kristo mfufuka, aliyezishinda nguvu hizo zote. Kumbe suala ni hofu. Na mtu akipatwa na hofu usiku humkimbilia yule anayemjua. Ndama akifa, miguu yako inakwenda wapi kwanza? Hapo ndipo utajua unamjua nani. Wazee wetu walimwita Liwelelo kabla mmisionari wa kwanza hajafika, hivyo hatuwezi kusingizia kwamba Mungu huyu ni mgeni kwetu.

Najua nitaambiwa, "Lakini Padre, uchawi upo." Sitaingia katika ubishi huo leo. Hata angekuwapo mchawi, hakuna kibuyu kilichopewa mamlaka ya kutoa hukumu ya kifo.

Nasi mapadre tuna sehemu yetu ya lawama. Tumewafundisha watu majibu, tukawapa vyeti, lakini ni mara chache tumeketi nyumbani mwao siku ambayo ng'ombe wamekufa. Mimi mwenyewe nilisikia habari za mifugo ya jirani yule majuma mawili kabla, sikwenda. Nilikuwa na kikao cha ujenzi. Jumatatu nilikwenda, tukaongea hadi jioni. Hajaniahidi lolote.

Misa ya wafu sikumwadhimishia mama yule. Jumuiya yake ndogondogo ilikuwa imeanza kusali bila kumpa taarifa. Alhamisi hii itasali nyumbani kwake, saa kumi jioni, nami nitakuwapo. Jirani amealikwa. Wanajumuiya, njooni wote, na mnaokaa naye njia moja mpitieni mje pamoja.