Famasi: Tupige Hesabu Kabla ya Kuuza Shamba

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*



Msimu wa kutafuta vyuo umefika na simu za Tawi hazipumziki. Wazazi wengi wanauliza jambo moja: kijana amepata Biolojia na Kemia, je, apelekwe famasi? Na kama ni famasi, chuo gani? Wapo walioanza kutafuta mnunuzi wa shamba. Wapo waliochukua fomu za mikopo ile ya kausha damu. Kamati ya Tawi imeona si vyema kumjibu kila mmoja pembeni. Tuseme hapa, wote tusikie.

*Kwanza, ukweli kuhusu ajira.*
Zamani kijana wa famasi alikuwa anatafutwa. Leo vyuo ni vingi, kila mwaka vinatoa wahitimu, na nafasi haziongezeki kwa kasi hiyo. Hapa mtaani kwetu tunao vijana wenye stashahada ya famasi wanaojitolea hospitali bila posho, na wengine wanasimama kwenye maduka ya dawa kwa malipo ya kumwezesha mtu kula na kupanda daladala, basi. Mwenye duka naye ana hesabu zake. Kwenye duka la dawa muhimu sheria inamruhusu kumtumia mtoa dawa aliyepata mafunzo mafupi, kwa hiyo haoni sababu ya kumlipa zaidi mwenye stashahada.

Hatusemi famasi ni kozi mbaya. Nenda zahanati za vijijini uone nani anakaa dirisha la dawa: mara nyingi ni muuguzi huyo huyo aliyetoka kuzalisha. Kwa hiyo wagonjwa wapo na kazi ipo. Kinachokosekana ni kibali cha ajira na fedha ya mshahara. Hilo ni suala la kisiasa, nasi hatulikwepi; tutalirudia chini. Lakini mzazi hawezi kulipa ada kwa kutegemea kibali ambacho hakijatoka.

*Pili, mwajiri anaangalia nini?*
Someni matangazo ya kazi ya Serikali kwa utulivu. Yanataka stashahada ya famasi kutoka chuo kinachotambuliwa, na usajili wa Baraza la Famasi. Hakuna tangazo linalosema mwombaji awe ametoka chuo chenye ghorofa, basi la wanafunzi au mabango barabarani. Chuo cha bei kubwa na chuo cha bei ndogo, vikiwa vyote vina ithibati, vinampeleka kijana kwenye foleni ile ile ya usaili.

Ndiyo maana msimamo wetu ni huu: *soko likiwa limejaa, chuo bora kwa mtoto wa mwanachama wetu ni kile kinachotambuliwa, kinachofundisha, na kinachomwacha bila deni.* Kijana asiye na deni anaweza kusubiri ajira, anaweza kukubali kazi ya mkataba wilaya ya mbali, anaweza kuanza na mshahara mdogo. Kijana ambaye shamba la baba yake limeshauzwa hana nafasi ya kusubiri chochote.

*Tatu, hesabu.*
Watu wengi wanalinganisha ada peke yake. Hapo ndipo fedha inapopotelea. Tuchukue mfano wa kufundishia tu. Si bei za chuo fulani.

Chuo cha kwanza kiko mkoa mwingine. Kwa mwaka:
- Ada 1,300,000
- Michango mingine (usajili, mitihani, bima, sare, mafunzo kwa vitendo) 450,000
- Hosteli 400,000
- Chakula miezi 10, kila mwezi 120,000: jumla 1,200,000
- Nauli ya kwenda na kurudi 160,000
Jumla kwa mwaka ni 3,510,000. Kwa miaka 3 ni *10,530,000.*

Chuo cha pili kiko karibu, kijana analala nyumbani. Kwa mwaka:
- Ada 1,600,000
- Michango mingine 350,000
- Daladala siku 200, kila siku 1,200: jumla 240,000
- Chakula cha mchana siku 200, kila siku 1,500: jumla 300,000
Jumla kwa mwaka ni 2,490,000. Kwa miaka 3 ni *7,470,000.*

Chuo chenye ada ndogo kimekuwa ghali zaidi kwa 3,060,000. Sasa mfikirieni kijana huyo amepata kazi dukani, na kila mwezi anabakiza 50,000. Kuifidia tofauti hiyo peke yake kutamchukua zaidi ya miezi 61, yaani zaidi ya miaka mitano. Na hapo hatujahesabu riba ya mkopo.

Kila mzazi aandike orodha kama hii kwa vyuo visivyopungua vitatu. Ombeni chuo kiwape kwa maandishi mchanganuo wa malipo yote ya miaka mitatu, siyo ada ya mwaka wa kwanza tu. Chuo kinachokataa kuandika kimeshawajibu.

*Nne, mambo ya kuhakiki kabla ya kulipa hata shilingi.*

1. Chuo kiwe kimesajiliwa na NACTVET, na *kozi ya famasi yenyewe* iwe na ithibati. Chuo kinaweza kuwa halali kwa kozi nyingine na famasi isiwemo. Kama ni shahada, hakikini TCU.

2. Kijana awe na sifa. Kwa stashahada ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini kidato cha nne, Kemia na Biolojia zikiwemo. Anayewaambia "tutamwingiza tu, mtarekebisha mbele" anawaibia. Mbele hakuna kurekebisha. Baraza litamkataa na miaka yenu mitatu imekwenda.

3. Ulizeni walioingia mwaka wa kwanza walikuwa wangapi na waliomaliza wa tatu ni wangapi. Kurudia mwaka ni ada ya mwaka mwingine. Chuo rahisi kinachofelisha nusu ya darasa si rahisi.

4. Ulizeni mafunzo kwa vitendo yanafanyika hospitali gani, na nani analipia. Ingieni maabara mkaione. Kama imefungwa kwa kufuli siku ya masomo, ondokeni.

5. Jueni ngazi. Mwaka wa kwanza ni NTA ya 4, wa pili ya 5, wa tatu ya 6, ambayo ndiyo stashahada. Fedha ikikata njiani, mjue kijana atatoka na cheti gani. Afadhali kulipanga hilo mapema kuliko kulikuta.

6. Mkopo wa Bodi msiupigie hesabu kabla ya kusoma mwongozo wa mwaka husika. Mikopo ya stashahada ilianza mwaka 2023/2024 kwa kozi za vipaumbele tu. Angalieni kama famasi imo, siyo kama "afya" imetajwa.

*Tano, madalali.*
Wapo watu wanaopita nyumba kwa nyumba wakiwa na fomu za vyuo, na wameomba matangazo yao yapite kwenye kundi letu, kwa ahadi ya asante kwa Tawi. Kamati imekataa. Anayelipwa kwa kila kichwa anachopeleka hawezi kumshauri mzazi. Mwanachama yeyote asitumie jina la Tawi wala cheo chake kuuza nafasi ya chuo au kuahidi ajira. Hata viongozi wetu wakija kwenye kampeni, tusiwashangilie kwa ahadi ya kuwapa vijana wetu kazi bila kutuambia fedha itatoka fungu gani.

*Tutakachofanya.*
Tawi litapeleka hoja Kata ili diwani aombe halmashauri itaje hadharani: zahanati na vituo vya afya vingapi havina mtaalamu wa dawa, na mapato ya ndani yanaweza kulipa mikataba mingapi. Tukishakuwa na namba hizo mkononi, tutadai ajira kwa hoja.

Na kila Jumamosi saa 10 jioni hadi saa 12, katika msimu huu wa udahili, Katibu atakuwa ofisini kuwasaidia wazazi kupiga hesabu za vyuo. Njooni na cheti cha kijana, karatasi za vyuo, na kijana mwenyewe. Ni bure, na jirani asiye mwanachama naye mleteni.

Wapo watakaosema tunawakatisha vijana tamaa. Hapana. Tamaa inakatika pale kijana anapomaliza chuo, kazi hakuna, na nyumbani hakuna tena pa kulima. Tunataka asome, na akirudi alikute shamba bado ni la kwao.

*Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi.*
_Mtumie na mwanachama ambaye hayumo kwenye orodha hii._