Maombi Yafundishayo Uwongo

Mwanachuo atakaye kwenda Uingereza kuchunguza tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, akiomba fedha za Mpango wa Jumuiya ya Madola uliokubaliwa Oxford mwaka 1959, hapimwi kwa elimu yake na ubora wa azimio lake tu. Aulizwa pia utafiti wake utaleta maendeleo gani nchini kwake. Swali hilo lamfaa mchunguzi wa malaria. Mtu wa tenzi lamfundisha kusema uwongo. Ghafula beti za Lamu zaondoa umaskini, na vina vyaleta amani! Hayo ayaandika kwa Kiingereza, na walimu wake, wajuao vema kwamba si kweli, watia sahihi.

Husemwa kwamba mwenye fedha ana haki ya kuuliza. Haki anayo. Lakini miswada yenyewe iko London, chuoni SOAS, katika makusanyo ya Taylor na Hichens. Na huyo Hichens alinakiliwa mingi na Muhamadi Kijuma wa Lamu. Aifuataye huko haombi sadaka.

Hata hivyo lawama iliyo kubwa ni ya nyumbani. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alikusanya miswada kwa ajili ya maktaba ya chuo cha Dar es Salaam. Serikali na impe mwanachuo posho ya miaka mitatu aisome hiyo kwanza, na azimio lake lipokewe kwa Kiswahili. Safari ya London ije baadaye, kwa kulinganisha nakala.