BUSTANI YA MAMA: Taji la Miiba Mlangoni Kwako



Je, kibarazani kwako kuna ule mmea wenye miiba mingi na maua mekundu, ambao wengi huuita taji la miiba? Mwezi huu tuuzungumzie huo.

Wataalamu huuita Euphorbia milii. Kwao ni Madagaska, nao ni wa ukoo mmoja na mnyaa, mnyonyo na hata muhogo. Jina la milii latokana na Baron Milius, gavana wa kisiwa cha Réunion, aliyeupeleka Ufaransa mwaka 1821. Basi watoto wakiuliza kama ndio uliosokotwa taji la Bwana Yesu (Mathayo 27:29), waambie ukweli: umepewa jina hilo kwa ajili ya miiba yake. Nchi ya Wayahudi ina miti yake ya miiba. Imani yetu haihitaji hadithi zisizo na hakika.

Uangalifu. Ukikatwa, mmea huu hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo huwasha ngozi, na ukiingia jichoni ni hatari. Mtoto akipatwa, mwoshe jicho mara moja kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali. Usiupande mahali ambapo mtoto hutambaa au kucheza.

Kuotesha. Vaa glavu. Kata kipande chenye urefu wa kidole, suuza utomvu, kisha kiache kivulini siku chache mpaka kidonda kikauke. Kipande kwenye udongo wa kichanga, katika kopo lililotobolewa chini. Mwagilia udongo ukikauka tu. Maji mengi huuozesha. Ukishashika, uweke penye jua.

Dada mpendwa, mmea huu umejaa majumbani, lakini huko Madagaska ndugu zake kadhaa wamo hatarini kutoweka. Misitu hukatwa kwa ajili ya mkaa na mashamba, na watu wengine huing'oa mimea ya porini ili kuwauzia wakusanyaji wa ng'ambo. Ndiyo sababu biashara yake baina ya nchi na nchi husimamiwa na mkataba wa CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975. Aina nyingine, kama Euphorbia decaryi, haziruhusiwi kabisa kufanyiwa biashara hiyo zikiwa zimetolewa porini.

Sisi tufanye nini? Ukitaka mmea, omba kipande kwa jirani au ununue uliooteshwa bustanini. Usimtume mtu akang'oe porini. Kipande kimoja tu chatosha kupamba nyumba ya mwenzako, na shina lililobaki litachipua tena.

Mungu alimweka mwanadamu bustanini ailime na kuitunza. Kutunza nako ni ibada.

Kwa kikundi chenu: Someni Mwanzo 2:15. Ni mmea gani wa kijijini kwenu ambao bibi zenu waliujua na watoto wenu hawauoni tena?