Eti Jepesi!

Mhariri mmoja amenirudishia shairi la msichana wa Bombambili, Songea, anayesukwa nywele barazani na shoga yake, wakicheka na kuhesabu vijisenti vya kanga mpya. "Jepesi," kaandika. Jepesi! Mwana Kupona alipomwusia bintiye mwaka 1858, hakugusa mambo ya nyumbani hayo hayo? Nasi, watu wa pwani, twayahifadhi kwa ghibu. Ila binti yule alisikiliza tu, hakupewa beti hata moja. Huyu wangu anasema. Anajitapa kuwa ni wa ukoo wa Mbano, ukoo wa nduna Songea, aliyenyongwa na Wadachi mwaka 1906, mji ukabaki na jina lake. Shairi nalipeleka tena, bila kupunguza hata unywele mmoja.